Kafi, Tanga na Dago: Safari za Mabaharia wa Ngalawa Kisiwani Mafia

Ngalawa ni chombo chembamba kinachochongwa kutokana na gogo moja, mara nyingi la mwembe, kisha hufungiwa matengo, yaani miti inayokikatiza kutoka ubavu hadi ubavu, na kwenye ncha za matengo hayo hutiwa marengu, mbao zinazogusa maji pembeni na kukizuia chombo kisipinduke. Katika pwani ya Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, ngalawa bado huonekana zimelala mchangani maji yanapokupwa, na mabaharia wake hufungwa na udugu, ujirani na mgawo wa samaki zaidi kuliko mkataba wowote wa maandishi.

Wengi huijua ngalawa kwa tanga lake, ilhali kazi kubwa ya mabaharia huanza tanga linapolegea. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Kati ya pepo hizo huja maleleji, kipindi ambacho upepo hugeukageuka na pengine kukata kabisa, na hapo ndipo kafi linaposhika kazi. Kafi si kasia: kasia hutiwa kwenye kishwara, kitanzi cha kamba kilichofungwa ubavuni mwa chombo, lakini kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, likazamishwa wima karibu na ubavu, kwa kuwa matengo na marengu humnyima mpigaji nafasi. Wapiga kafi wasipokwenda sawa, chombo huyumba na nguvu hupotea bure. Kwa hiyo wa nyuma hufuata mkono wa aliye mbele, nahodha akishika usukani, na mwingine akifua maji kwa upo. Panapokuwa na maji haba, kafi huwekwa chini na pondo, mti mrefu wa kusukumia, huchukua nafasi yake.

Ustadi huo hupimwa hasa katika dago, yaani kambi ya wavuvi wanaohama kwa muda kufuata samaki. Mabaharia huondoka na unga, chumvi, maji ya kunywa na nyavu, wakihesabu mwezi ili wajue siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, na siku za maji mafu, mkondo unapotulia. Samaki wasioweza kuuzwa wabichi hupasuliwa na kuanikwa juani wakawa ng'onda. Dago ni safari ya kwenda na ya kupokea wageni pia: wavuvi wa Kojani, kisiwa kilicho kando ya Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa kupiga dago mbali na kwao, wakafika Mafia kwa upande mmoja na pwani ya Kenya kwa upande mwingine.

Bahari hiyohiyo imewahi kuleta wapiga kafi wa namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walivuka kwa mitumbwi wakauharibu mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, na magofu yake yangali yamesimama. Wanahistoria wengi huihusisha ngalawa yenyewe na mabaharia wa Kiaustronesia waliofika Madagaska zamani. Katika miaka ya 2010 wageni kutoka nchi mbalimbali nao walianza kushindana kwa ngalawa katika mwambao wa Tanzania, kwenye shindano lililoitwa Ngalawa Cup. Ni jambo la kufurahisha, ingawa inasikitisha kwamba ustadi huu husifiwa zaidi ukiwa mikononi mwa mgeni.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, hulinda matumbawe, mikoko na viumbe vya bahari. Nje kidogo ya Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika kula, na rafadha ya mashine inaweza kumjeruhi vibaya. Kafi halina rafadha. Halmashauri na shule za Mafia zingefanya jema kuandaa mashindano ya kafi kwa vijana kila kaskazi, na kuwakalisha mafundi wa kuchonga ngalawa pamoja nao, wakati mafundi hao wangali hai.