Hakuna dawa ya kumlaza mtoto mpaka Mikumi

Shule zikikaribia kufungwa, Juni na Desemba, huja kwangu mzazi wa aina moja. Mtoto aliyekuja naye haumwi. Yuko bize anafungua na kufunga droo ya meza yangu. Mzazi ataulizia chanjo, ataulizia dawa ya minyoo, kisha atashusha sauti: "Dokta, Jumamosi tunaenda hifadhi ya Mikumi na gari yetu. Nimpe nini alale mpaka tufike?" Mara nyingi chupa ameshainunua, imo ndani ya mkoba. Anachotaka kwangu ni idadi ya vijiko.

Hakuna. Hakuna dawa ya kumlaza garini mtoto asiyeumwa, wala hakuna kipimo "kidogo tu" cha dawa hiyo. Swali hili nimelijibu kwa upole kwa miaka, na upole haujasaidia, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Chupa iliyomo mkobani huwa ni moja kati ya mbili: Piriton, au Phenergan, ambayo jina lake la kitaalamu ni promethazini. Zote ni dawa za mzio za kizazi cha zamani. Zimetengenezwa kuzuia muwasho, chafya na makamasi mepesi. Usingizi haukuwa lengo la kuzitengeneza. Unakuja kwa sababu dawa hizi hupenya mpaka kwenye ubongo na kuupunguza kasi. Yaani mtoto hana mzio, hana mafua, unamnywesha dawa kwa ajili ya madhara yake.

Ubongo unaopunguzwa kasi ndio huohuo unaoyakumbusha mapafu kupumua. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliagiza promethazini iwekewe onyo la daraja la juu kabisa: isitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wapo waliopungukiwa pumzi mpaka wakafa. Kwa waliovuka umri huo, onyo linataka tahadhari na kipimo cha chini kabisa kinachofanya kazi. Sasa jiulize ni watoto gani ninaoombewa dawa hii. Wa miezi minane. Wa mwaka na nusu. Wale hasa ambao onyo limeandikwa kwa ajili yao.

"Lakini mimi nampa Piriton, dokta, siyo hiyo nyingine." Sawa, tuhesabu. Kidonge kile kidogo cha njano kina miligramu 4. Kipimo cha mtoto wa miaka miwili hadi mitano ni miligramu 1 kwa mara moja. Wewe umeambiwa umpe nusu kidonge, "kwa kuwa ni mdogo". Nusu ni miligramu 2, mara mbili ya kipimo chake, hata kama kisu cha jikoni kimekata katikati kabisa, jambo ambalo sijaliona. Umekisaga, umekichanganya na juisi, mtoto kanywa robo kikombe kakisukuma. Kameza kiasi gani? Hujui, kwa hiyo baada ya Kibaha unaongeza kidogo. Wenye dawa ya maji nao wana mkasa wao: kijiko cha dawa ni mililita 5, kijiko cha kulia wali kinafika 15. Na kama usiku uliotangulia bibi alishampa mjukuu dawa ya mafua, hebu soma ubavuni mwa chupa ya bibi. Nyingi zina klorofeniramini, ambayo ndiyo Piriton kwa jina lake la kitaalamu, na parasetamoli juu yake. Mtoto amekunywa dawa moja kutoka chupa mbili, na hakuna mtu mzima nyumbani mwenye hesabu.

Kuna wanaonijibu kwamba wao walipewa utotoni wakakua. Ni kama kuisifu bodaboda isiyo na breki kwa kuwa jana ilifika. Kuna na wale wanaosema dawa inauzwa bila cheti, kwa hiyo haina neno. Parasetamoli pia inauzwa bila cheti, na ikizidi inaua ini.

Haya, tuchukulie kipimo kilikuwa sahihi na mtoto ana miaka mitatu. Baadhi ya watoto wakipewa dawa hizi hawalali kabisa, wanageuka. Wanahangaika, wanalia bila sababu, wanapiga teke kiti cha dereva. Hili linajulikana na limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ambayo hutupwa kabla chupa haijafunguliwa. Ukimpata wa namna hiyo kabla ya Mlandizi, umebakiwa na zaidi ya kilomita 200 za kujuta.

Anayelala naye ana mambo yake. Usingizi wa dawa si wa kawaida: shingo inalegea, kidevu kinaangukia kifuani, na kwa mtoto mchanga njia ya hewa ni nyembamba kiasi kwamba mkao huo unatosha kuibana. Mtoto aliyelala kwa kawaida atajigeuza au atalia. Aliyenyweshwa anaweza asifanye lolote. Wakati huo baba macho yako barabarani akiogopa tochi za trafiki, mama naye kasinzia kwa kuwa aliamka saa tisa usiku kukaanga kuku. Dawa hizi pia hukausha mdomo, pua na jasho, na mtoto asiyetoka jasho hana namna ya kujipoza. Halafu mnafika Chalinze jua limeshawaka, mnataka kushuka kula mishikaki, mtu mmoja anasema maneno ambayo ningependa yafutwe: "Amelala, mwacheni hapohapo, tunarudi sasa hivi." Gari lililofungwa vioo juani linapanda joto ndani ya dakika chache, na kuacha upenyo wa kidole dirishani hakubadilishi kitu.

Lakini kinachonikera zaidi ni kingine. Sisi tunaotibu watoto tunaishi kwa kutazama kama mtoto amelegea au hajalegea. Dalili kuu za hatari zinazofundishwa kwa kila mhudumu wa zahanati ni nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu. Ukimnywesha dawa ya usingizi umeniondolea mbili kwa mkupuo mmoja. Akishikwa na homa njiani, mimi au mwenzangu wa kituo cha afya tutamkuta amelala fofofo, hanywi, haitiki, na itabidi tukisie: ni malaria kali, ni homa ya uti wa mgongo, au ni nusu kidonge? Wazazi wengi, kwa aibu, hawasemi. Tunamchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo wakati jibu limo kwenye mkoba wa mama.

Ukichunguza vizuri, anayetibiwa hapa ni ratiba. Dar mpaka Mikumi ni karibu kilomita 300. Kwenye simu inaonekana saa nne na kitu. Ukiongeza foleni, malori, matuta na haja ndogo za watoto, ni sita. Baba amepanga kuondoka saa kumi alfajiri, kuingia hifadhini, kuzunguka, kupiga picha na kurudi siku hiyohiyo ili Jumapili apumzike. Safari hiyo hata mimi ingenichosha. Mtoto wa miaka miwili anaichukua kwa saa moja na nusu, kisha anatoa maoni yake kwa sauti, na maoni yake ni sahihi. Dawa inatafutwa ili maoni hayo yasisikike.

Na yale matapishi? Kutapika kwa sababu ya mwendo ni jambo halisi na lina maelezo yake: sikio la ndani linaambia ubongo tunatembea, macho yaliyokodolea kitu kilichotulia yanasema hatutembei, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Kwa walio chini ya miaka miwili ni nadra. Huwasumbua zaidi wa umri wa chekechea na shule ya msingi. Kitu kinacholeta ugomvi huo wa macho na sikio kuliko vyote ni simu ileile uliyompa ili atulie. Mnyang'anye. Mweke aone mbele na mbali, dirisha lifunguliwe kidogo, ale kitu kikavu na chepesi kabla ya safari, si chapati za mafuta na maziwa ya moto. Tangawizi na ndimu havina ubaya wowote. Mwenye zaidi ya miaka miwili ambaye kweli hutapika kila safari, mlete, nimpime uzito. Huyo naweza kumwandikia dawa, pengine hiyohiyo promethazini, kwa miligramu zilizohesabiwa na saa iliyotajwa, na siku ya safari mtu mzima atakaa kando yake akimtazama. Huyo anatibiwa kutapika, na ninajua alichokunywa.

Basi, mipango, haraka haraka kwa kuwa nafasi inaisha. Ikateni safari vipande viwili. Ijumaa lala Morogoro, Jumamosi ondoka saa kumi na moja alfajiri. Mageti ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili, na asubuhi ndipo wanyama wanapotembea. Adhuhuri simba amelala chini ya mti, na mtoto wako pia anatakiwa awe amelala, kitandani. Usiku wa pili mlale palepale Mikumi. Asiye na siku mbili aende Saadani kupitia Bagamoyo, ambako kuna wanyama na bahari pamoja, ila masika barabara ya huko si ya kubahatisha. Au panda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Morogoro kwa saa mbili hivi, watoto wakitembea kwenye korido, kisha ukodi gari huko. Njiani simama kila baada ya saa moja na nusu, mahali penye kivuli, wakimbie dakika ishirini. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kushuka ovyo, kwa hiyo poti iwe ndani ya gari; ya plastiki yenye mfuniko inatosha. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio kwenye hifadhi za TANAPA, kwa hiyo akichoka baada ya saa mbili tokeni, hajapoteza hela ya mtu. Barabara kuu inakatiza hifadhini kwa karibu kilomita 50. Punguza mwendo, usiipite usiku.

Kupakata kiti cha mbele, hapana. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono ya mama kwa uzito unaozidi kilo 100, na hakuna mapenzi yanayoshika uzito huo. Mchanga akae kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Mkubwa kidogo kiti chake. Ukishindwa kabisa kukipata, kiti cha nyuma na mkanda, mtoto mmoja mkanda mmoja. Mtoto asitoe kichwa dirishani wala juu ya paa gari likitembea, hata kama tembo ni mzuri namna gani.

Mavazi: acheni bluu iliyokolea na nyeusi, mbung'o wanazifuata, na Mikumi wapo na wanauma kupitia fulana. Kaki, kijani kilichofifia, mikono mirefu. Chandarua chenye dawa beba chako. Kwenye mfuko wa dawa weka kipimajoto, parasetamoli ya maji na bomba la kupimia, ORS, plasta. Piriton ya mzio kama mtoto ana mzio unaojulikana, kipimo kikiwa kimeandikwa kwenye chupa kwa kalamu. Maji mengi kuliko unavyodhani. Asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja, hata kama shangazi amesema inalaza. Inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambayo tumbo lake haliwezi kuizuia.

Jambo la mwisho huwa ninaulizwa kinyume. Mtoto akichemka siku ya pili ya safari, kila mtu analaumu mbu wa Mikumi. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu mpaka homa. Ya siku ya pili aliondoka nayo nyumbani, au ni kitu kingine. Apimwe hapohapo kwenye kituo kilicho karibu, kipimo cha haraka kipo karibu kila mahali, msisubiri kurudi Dar. Ile ya Mikumi mtaiona mkiwa mmesharudi, shule zimefunguliwa na hakuna anayeikumbuka safari. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni siku hiyohiyo, mumwambie daktari mlilala wapi na lini, na mtaje kila dawa aliyokunywa, hata ile ya bibi.