Useremala Hausomwi Ubaoni

Mwaka jana tulinunua meza ya mvule kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, hapa Kampala. Ilikuwa meza ya kupendeza, imepigwa msasa hata ikateleza, imepakwa vanishi, na bei yake haikuwa ya mzaha. Haikupita miezi minne ikapasuka katikati usiku wa manane, kwa mlio uliotufanya tudhani ni mwizi. Tulipomrudia fundi, alitujibu kwamba mti ule ulikuwa na hasira. Tulimcheka kimoyomoyo. Baadaye tumeng'amua kwamba hakuwa mbali sana na ukweli, ila hasira hiyo ina sababu yake, na sababu hiyo hufundishika.

Katika kuitafuta sababu ndipo tulipofika kwenye karakana moja nje kidogo ya mji, ambako seremala mmoja mzee hufundisha vijana tisa, watatu kati yao wasichana. Ubao wa kuandikia haupo. Majuma ya kwanza mwanagenzi hana kazi nyingine ila kunoa: patasi, ulimi wa randa, meno ya msumeno. Husugua chuma juu ya kinoo mpaka kiweze kunyoa malaika ya mkono wake mwenyewe. Kijana mmoja alitukiri kwamba siku zile aliona anapotezewa wakati, akataka kutoroka. Leo hii hakubali mtu mwingine aguse patasi yake.

Baada ya kunoa huja somo la maji. Gogo likiangushwa limejaa maji, na yale yaliyomo ndani ya vitundu vyake hutoka kwanza bila ya kudhuru kitu. Lakini unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe za vitundu huanza kukauka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Tena hazisinyai sawasawa. Kwa urefu karibu hazibadiliki. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata mkondo wa pete za mti husinyaa takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo.

Hayo yote yaweza kuandikwa katika daftari kwa dakika kumi na kusahauliwa kwa dakika tano. Mzee yule hayaandikishi. Humpa kila mwanagenzi ubao mbichi, naye huupima upana na kutia kipimo kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kisha huupima tena kila Jumatatu. Majuma yakipita, kijana huona kwa macho yake kwamba ubao unapungua.

"Mimi nikisema, watabisha," mzee alituambia. "Ubao ukisema, nani atabisha?"

Mvule nao una siri nyingine. Ndani yake mara nyingi hujificha chokaa iliyoganda ikawa ngumu kama jiwe, na randa ikikutana nayo makali hupata pengo. Tulimwona msichana mmoja akipiga randa, maranda yakitoka membamba kama karatasi, kisha ghafla akasimama. Sisi hatukuwa tumesikia lolote. Alisema mlio umebadilika. Alichokora kwa ncha ya patasi akatoa chembe nyeupe, akaendelea na kazi.

Kigoda cha kwanza hutengenezwa bila msumari hata mmoja. Mguu huchongwa ulimi, kiti hutobolewa tundu, na viwili hivyo lazima vikutane kwa kusukumwa na kiganja tu. Ulimi ukihitaji nyundo, ni mnene mno. Ukiingia wenyewe, kazi huanzwa upya. Kisha mzee hukikalia kigoda, akajitikisa huku na huku mbele ya wote. Vipo vilivyomwangusha.

Isidhaniwe kwamba mafundisho ya namna hii ni ya watu waliokosa vyuo. Mwaka 1981, katika mji wa Fort Bragg huko California, Marekani, seremala James Krenov, ambaye naye alijifunza Stockholm katika karakana ya Carl Malmsten, alianzisha mafunzo ya samani bora. Kozi yake ni ya miezi tisa, na wanafunzi hujitengenezea randa zao wenyewe za mbao. Krenov alifariki mwaka 2009, lakini shule ingalipo na sasa ina jina lake.

Hapa Uganda, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilikubali kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa upimwe na kutambuliwa. Ni hatua njema. Hata hivyo, wangali wako vijana wanaofagia maranda na kubeba magogo miaka mitatu bila ya kushikishwa patasi, na wengine wanaoweza kuujibu mtihani wote wa useremala hali hawajapata kunoa chochote.

Wala si haki kumtupia lawama zote fundi wa barabarani. Kanuni ya wazee ni kwamba ubao wa unene wa inchi moja uachwe kivulini karibu mwaka mzima. Nani atamkopesha fedha za kununulia mbao zitakazolala mwaka? Mteja anataka kitanda chake Jumamosi, na kodi ya kibanda haingoji. Anajua mbao ni mbichi, naye huuza hivyo hivyo. Hasara huwapata wanunuzi, na kabla yao huupata mti. Mvule, ambao zamani Busoga ilisifika kwao, huchukua miongo mingi kukomaa, na miche yake hushambuliwa na mdudu anayeitia vinundu na kuidumaza.

Tuliipeleka meza yetu karakanani. Mzee aliipindua, akawaita vijana wote tisa, akawaamuru wasiseme neno mpaka wametazama. Yule msichana wa randa ndiye aliyeona: uso wa meza ulipigiliwa misumari pande zote nne, hata ulipotaka kusinyaa haukuwa na pa kwenda. Waling'oa misumari, wakachonga vipande vidogo vyenye ulimi, wakavifungia chini ya uso na kuviingiza katika mifuo ya fremu, ili mbao zipate kutembea. Ufa waliuziba kwa kipande chembamba cha mvule. Rangi yake haikulingana. Bado yaonekana, na wageni huuliza.