Krismasi jijini: Namna ya kuchagua mkahawa wa Kichina

KILA Desemba nauli za kwenda mashambani hupanda, na si haba familia za Nairobi zinazoamua kuiadhimisha Krismasi papo hapo jijini. Tatizo huanza zinapogundua kwamba mikahawa mingi ya mtaani imefungwa, wapishi na wahudumu wake wakiwa wamekwisha abiri matatu kuelekea kwao. Milango inayosalia wazi aghalabu ni ya hoteli kubwa, ambazo bei zake za sikukuu hutisha, pamoja na ya mikahawa ya Kichina.

Hili si ajabu. Katika China bara, Desemba 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Sikukuu yao kuu ni Mwaka Mpya unaofuata mwandamo wa mwezi, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Hata New York, Wayahudi, ambao nao hawana Krismasi, wamezoea kwa miaka mingi kwenda kula kwa Wachina siku hiyo.

Hata hivyo, kuwa wazi ni jambo moja, na kuifaa familia yako ni jingine. Baba anayetumia akiba ya mwaka mzima kuwalisha watu wanane hana budi kuchagua kwa makini.

Kwanza, msomaji afahamu kwamba hakuna chakula kimoja kiitwacho cha Kichina. Nchi ile ni kubwa na kila jimbo lina mapishi yake. Wapishi wa Guangdong, kusini, hupenda kupika kwa mvuke na hawatii viungo vingi. Huko ndiko vilikotoka vile vitafunio vidogo vya unga vinavyojazwa nyama au kamba na kuletwa mezani katika vikapu vya mianzi. Wa Sichuan hutumia pilipili kwa wingi, pamoja na aina ya punje ambayo haiwashi bali huufanya ulimi ufe ganzi. Asiyeijua anaweza kudhani amelishwa sumu. Wa kaskazini hutegemea zaidi ngano, yaani tambi na mikate, kuliko wali.

Jijini Nairobi tofauti hiyo imechanganyika na nyingine. Ipo mikahawa iliyojirekebisha zamani ili kukidhi ndimi za wenyeji na Wahindi: wali wa kukaanga, kuku wa mchuzi mtamu wenye ukakasi, pilipili ya wastani. Kisha ipo iliyochipuka pamoja na miradi mikubwa ya ujenzi, tangu barabara kuu ya Thika iliyokamilika mwaka 2012 hadi reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017, ambayo wateja wake wa kwanza walikuwa Wachina wenyewe. Ya pili ndiyo yenye ladha halisi, lakini kwa nyanya aliyetoka kijijini na wajukuu wa miaka mitano, ningependekeza ile ya kwanza bila kusita. Mengi ya maeneo haya mawili yako Kilimani, Hurlingham, Lavington na Westlands, kwa hivyo kulinganisha si kazi ngumu.

Suala la nyama ya nguruwe lahitaji kutatuliwa kabla ya kuondoka nyumbani. Katika Kichina cha kawaida, neno "nyama" likitajwa peke yake huwa ni nguruwe. Iwapo shemeji yako ni Mwislamu au mama mkwe ni Msabato, haitoshi kuagiza kuku. Uliza kama mafuta ya kukaangia yana shahamu ya nguruwe, kama karai ni lile lile, na kama mpishi hutia divai ya mchele, ambayo hutumika sana kuondoa harufu ya nyama na samaki. Aidha, Msabato asiyekula viumbe vya baharini visivyo na magamba atahitaji kujua kwamba mboga nyingi hutiwa mchuzi wa chaza. Kwa Mwislamu, dawa ni kutafuta mkahawa wenye cheti cha halali kilichotundikwa ukutani. Maneno ya mhudumu anayetaka kukuridhisha hayatoshi.

Wagonjwa nao wafikiriwe. Mchuzi wa soya umejaa chumvi, na mzee mwenye shinikizo la damu anaweza kumaliza kipimo chake cha siku kwa sahani moja. Karanga hutiwa ndani ya kuku wa mtindo wa Sichuan na mafuta yake hukaangia vingi vingine. Mwenye mzio aseme mapema, na aseme kwa meneja.

Kuna hili pia ambalo wengi huona haya kulitaja. Mnamo Machi 2015, mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani ulifichuliwa kuwa ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, kwa kisingizio cha usalama. Wakenya walighadhabika, na serikali ya kaunti ikaufunga ulipopatikana hauna leseni zinazohitajika. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwingine kwa misingi ya rangi au asili yake. Mikahawa mingi haina tabia hiyo, lakini ni heri kupita siku moja kabla, uagize chai na utazame jinsi wateja wanavyopokewa. Hakuna chakula kitamu kiasi cha kumfanya mama yako adharauliwe mlangoni mbele ya wajukuu.

Ukipita hivyo, tumia macho na pua. Leseni ya biashara inafaa kuonekana. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hunuka tangu mlangoni. Tazama sahani zinavyoletwa: karai la Kichina hupikia moto mkali kwa dakika chache, na kwa hivyo vyakula huja kimoja baada ya kingine vikifuka mvuke. Vikija vyote kwa pamoja, tena vikiwa vuguvugu, yamkini vilipikwa asubuhi.

Gharama ndiyo huharibu sherehe nyingi. Wakenya tumezoea kila mtu kuagiza sahani yake. Kwa Wachina chakula huwekwa katikati, juu ya kisinia kinachozunguka, na kila mtu akachota. Nimeona familia ya watu sita ikiagiza sahani kumi na mbili na kubeba nusu nyumbani. Kipimo chao ni rahisi: idadi ya vitoweo ilingane na idadi ya watu, kisha wali au tambi za kushibisha. Panapo watoto wengi, punguza kimoja au viwili.

Soma pia maandishi madogo chini ya menyu. Ikiwa bei hazijajumuisha kodi, bili ya Sh10,000 itaongezwa VAT ya asilimia 16, yaani Sh1,600, na tozo ya utalii ya asilimia 2, yaani Sh200. Mkahawa ukitoza na asilimia 10 ya huduma, utalipa Sh12,800. Uliza hayo kwa simu unapohifadhi meza, na uulize pia kama kuna menyu maalumu ya sikukuu, kwani baadhi huiondoa ile ya kawaida siku hiyo.

Saa nazo ni muhimu. Baadhi ya mikahawa hii hufunga jikoni baada ya chakula cha mchana na kufungua tena jioni, kwa hivyo familia inayotoka kanisani saa nane na kufika saa tisa huenda ikakuta mpishi amelala. Ama vijiti, visimtishe mtu: uma na vijiko vipo, na hakuna Mchina atakayekucheka ukiviomba.