Mboga za kukaanga kwa mtindo wa Kichina: Moto ndio siri

KABICHI, karoti na pilipili hoho hazikosekani katika vibanda vingi vya mboga nchini. Ndiyo sababu mpishi anayerejea nyumbani jioni akiwa amechoka, tena hana nyama wala hamu ya nyama, hushawishika kuzikaanga kwa mtindo wa Kichina. Aghalabu anachopakua ni mboga zilizolegea, zikiogelea katika maji. Lawama hutupiwa sosi ya soya, ilhali kosa liko kwingine.

Mbinu hii Wachina huiita chao. Jina lake la Kiingereza lilienea kutokana na kitabu cha mapishi kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1945 na Buwei Yang Chao, daktari mzaliwa wa China. Msingi wake ni chakula kilichokatwa vipande vidogo, mafuta machache, moto mkali na mkono usiotulia.

Moto huo una sababu. Kabichi ina maji zaidi ya asilimia 90. Karai likijazwa pomoni, maji hayo hutoka kwa kasi kuliko moto unavyoweza kuyakausha. Maadamu maji yapo, joto la mboga halipiti kiwango cha kuchemka, ambacho jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ni takriban nyuzi 94 badala ya 100 za Mombasa. Rangi ya hudhurungi na ile harufu ya kuvutia huhitaji joto la nyuzi 140 hivi. Anayefunika karai ili mboga ziive upesi, basi, anachemsha, hakaangi.

Kwa mlo wa watu wanne, wali hutangulia jikoni kwa kuwa ndio unaochelewa. Gramu 400 za tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, hufungwa katika kitambaa safi na kulemewa na kitu kizito kwa dakika 15 ili zitoe maji, kisha hukatwa vipande na kunyunyiziwa kijiko cha wanga wa mahindi. Pasipo tofu, konzi mbili za karanga zilizokaangwa zitafaa. Hizo hutiwa mwishoni. Mboga huoshwa mapema na kukaushwa. Kila kitu hukatwa kabla ya moto kuwashwa, kwani baadaye hakuna nafasi ya kutafuta kisu.

Karai la chuma hupashwa hadi tone la maji litoweke papo hapo. (Kikaangio kisichonata hakifai kupashwa hivyo kikiwa kitupu.) Vijiko viwili vya mafuta hutiwa, kisha tofu, ambayo huachwa bila kuguguswa hadi upande mmoja uwe wa dhahabu, igeuzwe, iive na kuondolewa. Karoti huingia kwanza kwa dakika mbili, hoho zifuate, kabichi mwisho. Ikiwa karai ni dogo, mboga zikaangwe kwa mafungu mawili. Tangawizi na kitunguu saumu husubiri dakika ya mwisho. Vikitangulia katika moto huo huungua na kuwa vichungu. Tofu hurudishwa, sosi ikazungushwa ukingoni mwa karai, na moto huzimwa.

Sosi yenyewe inahitaji tahadhari. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya kawaida ya soya hubeba zaidi ya gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Vijiko viwili vinatosha watu wanne, bila chumvi nyingine, hasa nyumbani mwenye mgonjwa wa shinikizo la damu. Ndimu iliyokamuliwa juu ya sahani huziba pengo la ladha. Wasiokula nyama nao wasome vibandiko vya chupa: sosi ya chaza, inayouzwa kando ya ile ya soya, kwa kawaida hutokana na kiumbe cha baharini.