Mwendo na Ishara za Mwili: Zinatuambia Nini Kuhusu Mtu?

Tuchukue mfano wa mtihani wa mazungumzo. Mwanafunzi wa hapa Uganda anaulizwa na mtahini mgeni kama ameelewa swali. Anainua nyusi na kunyamaza. Anaulizwa tena, anainua nyusi tena. Mtahini anaandika kwamba mtahiniwa hakujibu, kumbe amejibu mara mbili! Kwetu, kuinua nyusi ni kusema "ndiyo". Alama zimepotea si kwa sababu ya sarufi wala msamiati.

Mwili nao una lahaja zake, na lahaja hizo hufunzwa. Mwaka 1934 mwanaanthropolojia Mfaransa, Marcel Mauss, alieleza katika mhadhara jinsi alivyougua akiwa New York, akauona mwendo wa wauguzi na kujiuliza aliwahi kuuona wapi. Alikumbuka: kwenye sinema. Aliporudi Paris akakuta wasichana wa huko wanatembea vivyo hivyo. David Efron naye, katika kitabu chake cha 1941, alichunguza ishara za mikono za Waitaliano na Wayahudi waliohamia New York. Walioshikilia mila za kwao walitofautiana waziwazi, lakini waliokwisha kuzoea maisha ya Kimarekani walikaribiana. Basi ishara hazimo katika damu.

Hata hivyo, kila mtu ana mwendo wake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1977, Cutting na Kozlowski waliwaonyesha watu vidoa vya mwanga tu vilivyowekwa kwenye viungo vya rafiki zao wanaotembea. Waliwatambua kuliko ambavyo wangebahatisha, ingawa walikosea mara nyingi. Kwa hiyo mwendo unaweza kutuambia mtu ni nani, na pengine amelelewa wapi. Kutuambia tabia yake ni jambo jingine, na hapo ndipo lugha inapotuponza.

Kiswahili kina maneno mengi ya mwendo: kunyata, kuchechemea, kujikongoja, kupepesuka, kuzurura. Mengine hueleza miguu tu, mengine hutoa hukumu. Anayetembea kwa madaha huenda akasifiwa, anayetembea kwa maringo hulaumiwa, ilhali hatua huweza kuwa zilezile! Anayenyata hudhaniwa mwizi, kumbe ni mama aliyetoka kumlaza mtoto. Mwanafunzi akipewa maneno haya kama orodha ya visawe, atamtukana mtu bila kujua.

Ishara zenyewe hatuzifundishi kabisa, ingawa Carol Eastman na Yahya Ali Omar walikwisha kuandika makala kuhusu ishara za Waswahili katika jarida la SOAS, London, mwaka 1985. Binti wa Kiganda hupiga magoti akiamkia wazee. Pwani shikamoo yatosha, na mtoto huweza kuubusu mkono wa mzee. Anayeinamisha macho mbele ya mwalimu anaonyesha heshima, lakini mgeni humwona mwongo au mwoga. (Kusonya, nadhani, hakuhitaji mkalimani popote Afrika Mashariki.)

Tukirudi kwenye mtihani wetu: mtahini amweleze mtahiniwa kabla ya swali la kwanza kwamba majibu yote yatolewe kwa sauti. Na akiona nyusi zimeinuka, aulize, "Unamaanisha ndiyo?" kabla hajashika kalamu.