Koti Jeupe Si Pambo, ni Ngao!

Umepangiwa PCB au CBG? Au uko kidato cha tatu, ndiyo kwanza unaanza kushika bureti na pipeti? Uwe Kibaha Sekondari au Minaki kule Kisarawe, koti la maabara linakuhusu. Tena ukiota kufanya kazi maabara ya Hospitali ya Tumbi au hospitali ya wilaya Kisarawe, ndiyo kabisa!

Wengi tunalipenda kwa sababu ukilivaa unaonekana daktari kamili. Sawa, lakini kazi yake hasa ni kupokea tone la asidi, damu au cheche ya moto kabla havijafika kwenye ngozi yako. Likichafuka, unalivua sekunde hiyohiyo.

KWA NINI JEUPE?
Zamani madaktari wa Ulaya walivaa nguo nyeusi. Kazi za Louis Pasteur na Joseph Lister zilipoonyesha kuwa vijidudu ndivyo vinavyoleta maambukizo, usafi ukawa jambo kubwa. Kufikia mwisho wa karne ya 19, nyeupe ilianza kushika nafasi. Kwenye nyeupe, uchafu haujifichi.

PAMBA AU TETRONI?
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dukani utaambiwa tetroni ni nzuri kwa sababu haikunjamani. Ni kweli, lakini tetroni ina nyuzi za poliesta, ambayo ni jamii ya plastiki. Ikishika moto, plastiki huyeyuka na kung'ang'ania mwilini. Pamba nayo inaungua, ila haiyeyuki.

Jambo hili si la kutania. Desemba 2008, msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani, Sheri Sangji, alimwagikiwa na kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake lilikuwa la nyuzi za plastiki. Alifariki Januari 2009, akiwa na miaka 23 tu.

Kwa hiyo kama maabara yenu ina jiko la Bunsen au taa ya spiriti, chagua pamba tupu, tena nzito. Kwa maabara ya damu isiyo na moto, mchanganyiko wa pamba na poliesta unafaa, maana unafulika na kukauka haraka.

Unataka kuhakikisha? Chomoa uzi mmoja kwenye pindo. Mbele ya mwalimu, ushike kwa koleo na uuchome juu ya bati. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

LIKUKAE VIPI?
- Urefu: lifike magotini, maana ukimwaga kitu mezani kinachuruzikia mapajani.
- Mikono: ifike kwenye vifundo vya mikono. Isiwe mipana ya kupepea juu ya moto.
- Vifungo: vya kubonyeza ni bora, kwani unafungua kwa mvuto mmoja. Vifunge vyote! Koti lililo wazi ni sawa na kutovaa.
- Upana: uweze kunyoosha mikono bila kubanwa.

Huna hela ya jipya? Mtumba poa tu, mradi ukague kitambaa, matundu na vifungo, kisha ulifue kabla ya kuvaa. Au nunua kitambaa cha pamba, mpelekee fundi cherehani.

LIVUE MLANGONI
Usiende nalo bwalo, bwenini wala kwenye daladala. Utabeba vijidudu na kemikali hadi kwenye sahani ya mwenzako. Wodini nako mambo ni tofauti: mwaka 2007 Uingereza iliwataka madaktari wanaohudumia wagonjwa waache makoti ya mikono mirefu, ili wanawe vizuri hadi juu ya vifundo na pindo lisiguse mgonjwa baada ya mgonjwa.

Fua koti peke yake, si pamoja na shuka au nguo za ndani. Na usichanganye dawa ya klorini na asidi; hutoa gesi yenye sumu.

KOTI LINA MPAKA WAKE
Koti halizuii sindano. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, uende kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72. Ukimwagikiwa asidi, vua koti na ujimwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Na kama shule yenu haina makoti ya kutosha? Mwambie mwalimu kabla ya zoezi kuanza. Mnaweza kupokezana kwa makundi: wenye makoti washike moto na asidi, wengine waandike majibu wakiwa mbali. Kusema "sina koti" si utovu wa nidhamu. Ngozi ni yako, rafiki, na duka la kuuza nyingine halipo.