Maji ya Agosti Hayatoki Mawinguni

Anayetaka kujua hali ya pori lililo kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, asilipime kwa kishindo cha maporomoko yake wakati wa mvua. Mwezi wa Novemba au Machi kila kijito hunguruma, hata kile ambacho milima yake imekwisha kuchunwa, na kelele hiyo haimwambii msafiri lolote ila kwamba jana ilinyesha. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 5 Novemba 1876, mvua zikiwa zimeshika, akaliandika pori la kaskazini kama mahali panapodondoka maji bila kukoma. Aliliona katika majira ambayo pori lolote huonekana tajiri. Wakati wa haki wa kulipima ni mwisho wa Agosti. Kusini mwa Maniema, nyuzi nne hadi tano kusini ya ikweta, ukanda wa mvua huwa umehamia kaskazini kulifuata jua, na Juni, Julai na Agosti hupita zikiwa kavu. Wanajiografia huita kipindi hiki majira ya baridi ya nusu ya kusini ya dunia, jina ambalo Wabangubangu wa Kabambare wangelicheka, maana kwao kinachoadimika ni mvua, siyo joto. Hoja yangu ni kwamba maji yanayoanguka jiweni siku hizo ndiyo kipimo cha kweli cha ardhi iliyo juu yake, na kwamba yanapima udongo zaidi kuliko yanavyopima miti.

Mvua imekoma wiki nyingi zilizopita. Maji haya yanatoka wapi basi? Mvua ikinyesha mlimani hugawanyika. Sehemu hutiririka juu ya ardhi na kuufikia mto baada ya saa chache. Sehemu hushikwa na majani au hunywewa na mizizi, kisha hurudi hewani. Inayobaki huzama kupitia matundu yaliyochimbwa na mizizi, nyungunyungu na mchwa, hadi kwenye tabaka la mwamba uliooza. Katika nchi hii ya miamba mikongwe, joto na mvua za enzi na enzi zimeulainisha mwamba kwenda chini, pengine makumi ya mita, na ndani ya tabaka hilo maji husogea polepole mno, kisha huchomoza kama chemchemi bondeni. Kwa hiyo kinachoanguka mwisho wa Agosti ni mvua ya Aprili, au ya kabla yake, iliyokawia njiani. Kijito hupungua haraka mwanzoni mwa kiangazi, halafu kwa utaratibu, na kasi ya kupungua huko huonyesha ukubwa wa akiba. Vijito viwili vya mabonde yanayolingana, kimoja kikikauka Julai na kingine kikitiririka hadi Septemba, vinatoa habari mbili tofauti kuhusu yaliyotokea mlimani mvua ilipokuwa inanyesha.

Poromoko linafaa kwa kazi hii kwa sababu ya umbo lake. Maji hula mwamba laini upesi kuliko mwamba mgumu, na pale mwamba mgumu unapokatiza mto hubaki ngazi. Lualaba yenyewe imefungwa hivyo karibu na Kongolo, mahali ambapo Wabelgiji walipaita Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu: mto mpana hubanwa kwenye korongo la upana wa kama mita 100. Maboti yaliposhindwa ilibidi ijengwe reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911. Vijito vinavyoteremka kuelekea mto Luama hufanya jambo lilelile kwa udogo. Mahali pengine sehemu ya maji hupita chini ya mchanga isionekane. Kwenye jiwe tupu la poromoko yote hukusanyika mahali pamoja. Mahali pa namna hiyo bidoni la lita 20 na saa ya simu vinatosha. Bidoni likijaa kwa sekunde 10, kijito kinatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku: mgawo wa lita 20 kwa watu 8,640. Kijito ambacho msafiri angekidharau kwa wembamba wake kinaweza kunywesha mji mdogo.

Maporomoko ya tropiki yana shahidi mwingine, mimea ya familia ya Podostemaceae. Kwa macho ya haraka huonekana kama kuvu au mwani uliong'ang'ania jiwe, kumbe ni mimea ya maua. Huishi imezama kwenye maji ya kasi, na maji yanaposhuka katika kiangazi hujitokeza, huchanua na kumwaga mbegu ndogo sana zinazonata kwenye mwamba zikilowa. Maisha yake yanategemea mambo mawili: mto upande na kushuka kwa zamu yake, na jiwe libaki safi. Tope la mlima uliochunwa likilifunika jiwe, mbegu haina pa kushika.

Pingamizi kubwa linatoka kwa wanasayansi wenyewe, nalo ni zito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Muguga, Kenya, chini ya Charles Pereira, walianza kulinganisha mabonde madogo huko Mbeya, Tanzania ya leo, moja likiwa na msitu wa asili, jingine likilimwa kwenye miteremko mikali. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Miti mirefu yenye mizizi ya kina hunywa mwaka mzima, na anayesema kwamba mti huleta maji hana budi kuyajibu matokeo hayo. Jibu liko kwenye udongo. Ardhi ya Mbeya ni majivu ya volkano, iliyo wazi kiasi kwamba hata baada ya kulimwa iliendelea kuimeza mvua. Udongo mwekundu wa Maniema si majivu. Chini ya pori hunywa vizuri, lakini ukichomwa moto kila mwaka, ukakanyagwa na kupigwa na matone bila majani ya kuukinga, ngozi yake huziba na mvua hukimbilia mtoni siku hiyohiyo. Hapo maji yaliyookolewa kwa kukata miti yanaweza kupotea yote kwa mafuriko. Hoja hii ina makali pande zote mbili: kupanda mikalitusi kwenye mlima ambao udongo wake umeziba kunaweza kulipunguza poromoko la Agosti kwa miaka mingi kabla udongo haujapona.

Wengine watasema mvua ndiyo inayoamua, na mwaka wa ukame huharibu kila hesabu. Ni kweli kwa anayepima kijito kimoja. Anayepima viwili vya jirani, vilivyo chini ya wingu moja na juu ya mwamba wa namna moja, analinganisha ardhi, na mwaka mbaya humpa tofauti kubwa zaidi ya kusoma. Kabambare ina mabonde ya kufaa: yenye pori, yenye mashamba ya mihogo na mpunga, na yale ya upande wa Namoya na Salamabila ambako mchanga huoshwa kutafuta dhahabu na vijito hugeuka rangi.

Vituo vya kupimia mito vilivyoachwa na ukoloni vilipungua sana Kongo baada ya 1960, na hali ya usalama Kabambare mara nyingi haiwaruhusu wageni kuzunguka na vyombo. Lakini njia zinazopita kwenye maporomoko haya hazijawahi kungoja wageni. Wasukuma baiskeli, wakulima na walimu huzipita kila kiangazi. Kipimo cha mwaka mmoja kitaonyesha tofauti ya bonde na bonde. Mabadiliko ya bonde lenyewe yatahitaji Agosti kumi au zaidi, zote zikipimwa jiwe lilelile, kabla ya mvua ya kwanza ya Septemba.